Jicho la Kushoto

Dada mkubwa aliingia kwenye karakana na mdogo wake nyuma, mdomoni ana neno moja tu: haraka. Jiwe la kaburi la mama yao lilikuwa mezani wiki ya pili sasa.

"Fundi, picha tulikupa. Kinachokuchelewesha nini?"

Fundi akampa lenzi.

Dada akainama juu ya sura ya mama iliyochorwa kwenye jiwe. Loo! Zile mvi zilizokuwa zikichungulia kwenye kilemba cha mama hazikuwa mistari. Zilikuwa vidoa, maelfu, vidogo kuliko chembe za chumvi, kila kimoja kimegongwa peke yake kwa sindano ya chuma.

"Na huu weusi wa nyusi umepaka nini?"

"Sijapaka kitu. Hapo sijagusa. Jiwe lenyewe jeusi, dada. Mimi nagonga mwanga tu."

Dada akaufuata uso kwa lenzi, polepole. Penye mfupa wa shavu vidoa vilibanana. Kuelekea sikioni viliachana, vikapungua, hadi likabaki jiwe tupu, na hilo jiwe tupu ndilo lilikuwa kivuli. Macho tu ndiyo yalikuwa hayajachorwa.

"Hapo ndipo nilipokwama," fundi akasema. "Kwenye picha jicho la kushoto limelegea. Ndivyo alivyokuwa, au ni picha? Nikishagonga, sina ufutio."

 Miaka arobaini dada ametazamana na macho yale, na hajui! Akamgeukia mdogo wake.

"Usiniulize mimi. Mama akinitazama, mimi nilikuwa naangalia sakafu."

Fundi akacheka, akachukua penseli nyeupe. Akachora macho yote mawili, kope sawasawa. Wakarudi nyuma wote watatu. Mwanamke mzuri, lakini hawamjui.

Fundi akaifuta kope ya kushoto, akaichora tena, chini kidogo, kiasi cha unywele.

"Mama yangu wee!" mdogo mtu akaruka. "Huyo! Anataka kuniuliza sufuria nimeipeleka wapi."

 "Gonga," dada mkubwa akasema. "Gonga hapohapo, usisogeze."

Fundi akashika sindano. Tik, tik, tik. Akapuliza vumbi.

Mbele ya jicho lile, mdogo mtu akavuta sketi yake ikafunika magoti.