Maji Tano Juu ya Mia

Mjinga siku ile nilikuwa mimi, wala sikukosa mtu wa kuniambia. Nilikosa masikio.

Esansi, petroli ya pikipiki, ilikuwa imekwisha Bihambwe nzima, barabara imefungwa kwa malori wiki ya pili. Mimi, fundi wa kupika kanyanga, ile pombe kali ya kienyeji, nikacheka: kwani pombe haiwaki? Nitaipika mpaka iishe maji, niichanganye na esansi kidogo iliyobaki, pikipiki itembee. Mke wangu Geneviève alikuwa na mimba ya miezi tisa, mtoto tuliyemngoja miaka sita, na siku ikifika ilibidi nimfikishe hospitali ya Mushaki kujifungua.

Nikasimamisha bomba refu juu ya pipa, nikalijaza vipande vya chupa. Nikapika mara ya kwanza, ya pili, hata ya saba. Kipimo cha pombe kikapanda mpaka tisini na tano juu ya mia, kikagoma.

Astrid, dada ya mke wangu, mwalimu wa kemia, akapita akacheka. "Shemeji, utapika mpaka Noeli! Ikifika pale, maji na pombe inapanda pamoja mu mvuke, sawa bwana na bibi ya harusi. Inaomba kitu ya tatu ya kuvuta maji. Tafuta chokaa ya kuchomwa, utie, kisha upike tena."

"Mwalimu, weye unajua pombe ya ubao. Miye najua ya moto."

Uchungu ulianza alfajiri, baridi inauma. Tukipanda mlima nilimtania Geneviève kwamba mtoto atazaliwa ananuka kanyanga. Akacheka, akanipiga mgongoni. Kabla ya kufika Mushaki pikipiki ikakohoa, ikazima. Nikachungulia tangi. Kwa baridi ile maji yalikuwa yameishika pombe yakajitenga na esansi, yakalala chini kabisa, pale injini inaponyonya.

Geneviève alijifungulia majanini, ng'ombe wa watu wakitutazama. Mtoto wa kike. Hakulia.

Siku ya tatu Astrid alinikuta nalivunja lile bomba. "Si nilikuambia chokaa?"

Badala ya kunyamaza, nikabisha. Mlima, baridi, pikipiki nzee. "Na maji ilibakia ngapi? Tano juu ya mia! Tano tu, dada! Tano iko kitu gani?"

Geneviève alikuwa amesimama mlangoni, kitenge cha mtoto mkononi, bado kimekunjwa.

"Tano iko mingi, Honoré," akasema. "Miye nilikuwa na mumoja."