Maji ya Beseni Jeupe

Mzee Vioo alipofungua kufuli na kusukuma mlango wa banda lake asubuhi ile, kwanza alidhani macho yake ndiyo mabovu. Akayafikicha, akatazama tena. Minyanya yake, ile iliyokuwa imepanda kamba hadi kumpita kimo, ilikuwa imekatwa vichwa. Si mmoja, si miwili. Mstari wa kulia wote, wa kushoto wote. Vilele viko chini vimenyauka, maua yako chini, na vichala vya nyanya changa zilizokuwa ndiyo kwanza zimefikia ukubwa wa gololi vimekanyagwa kwenye udongo. Akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, mikono magotini, asiguse hata jani. Mtu ambaye mtaa mzima ulijua hana kipaji cha kunyamaza, siku hiyo alikosa neno.

Na asitokee wa kusema ni nyanya tu hizo. Lile banda lilikuwa roho yake. Alikuwa fundi wa vioo maisha yake yote, na alipostaafu, badala ya kupumzika kama alivyoambiwa, alikwenda kuomba fremu za madirisha kwenye majengo yanayobomolewa. Akazileta moja moja, akazinyoosha, akazipiga upya puti ya kushikilia vioo, akasimamisha nyuma ya jiko nyumba nzima ya kioo ya kukuzia nyanya. Watu walicheka wakachoka. Walisema mzee kajijengea kabati la vyombo, siku moja ataingia akae humo pamoja na vikombe. Yeye akawajibu wasubiri msimu wa mavuno, waje na vikapu na adabu.

Kutwa alishinda mle. Alifuta ule utando wa kijani unaojishika pembeni mwa vioo, alipaka chokaa juu jua likizidi ili majani yasiungue, alifungua madirisha ya paa asubuhi na kuyafunga jioni. Mchana alipita akigonga mashina kwa kidole, taratibu, kwa sababu ndani ya kioo upepo hauingii, na ua la mnyanya lisipotikiswa halizai. Mkewe alikuwa akimtazama kwenye dirisha la jiko na kusema kwamba yeye hakubembelezwa hivyo hata siku ya harusi yake.

Basi, sauti ilipomrudia, mzee aliitumia yote. Alianza na fundi cherehani wa jirani, au tuseme na mbuzi wake. Akasimama kwenye ua akamtukana mbuzi na ukoo wake mpaka fundi cherehani akatoka na futi shingoni kuuliza kulikoni. Alipoelezwa, akajibu kwa upole kwamba mbuzi wake ni mhuni, halikatai hilo, lakini hajawahi kumwona akitoka mahali akafunga kufuli. Hapo mzee akageuka akalitazama banda. Ni kweli, kufuli alilikuta limefungwa, na ufunguo aliuchukua pale pale unapokaa, kwenye msumari nyuma ya mlango wa jiko. Aliyefanya unyama ule alitoka ndani ya nyumba yake.

Na ndani ya nyumba walikuwa watatu tu: yeye, mkewe, na mkwe wake, mke wa mwanawe wa pekee. Mwanawe alikuwa kazini mbali, hurudi kwa nadra, akamwacha mkewe kwa wazazi. Msichana wa watu wazazi wake walikuwa wameshafariki, kwao hakuna tena wa kumfungulia mlango. Alipowaita hawa wawili baba na mama, aliwaita kwa moyo wake wote, maana hakuwa na wengine.

Lakini rekodi yake, jamani, haikuwa nzuri. Siku moja bomba liliachwa wazi mpaka banda likawa bwawa. Siku nyingine jua lilikuwa la kupasua mawe na madirisha ya paa yakakutwa yamefungwa, miche ikaiva imesimama. Halafu kile kisu cha kupogolea kikatafutwa wiki nzima, kikaonekana ndani ya kopo la sukari. Kila mara mzee alifoka, na kila mara mkwe aliinamisha kichwa akasema, "Ni mimi, baba. Nisamehe." Mzee alisamehe huku akinung'unika kwamba mwanawe kaoa akili iliyokwenda likizo.

Hili sasa halikuwa la kusamehe. Aliingia jikoni akaapa mbele ya wanawake wote wawili kwamba aliyeikata ile minyanya atatoka kwenye ua huu leo, kabla jua halijazama, na hatarudi. Hakutaja jina, lakini macho yake aliyaweka mahali pamoja. Mkwe aliepua sufuria, akafuta mikono, akaenda chumbani. Walimsikia akivuta begi kutoka uvunguni mwa kitanda.

Mkewe alimwuliza mzee ana ushahidi gani. Hilo swali mzee alilipenda, maana jibu alikuwa nalo. Alimwambia mnyanya haumwachi mtu hivi hivi. Ukishika majani yake kwa muda, vidole vinapata masizi ya kijani yanayogeuka meusi, na unaweza kudhani ni uchafu wa kawaida, lakini gusa sabuni uone. Povu linageuka njano, kisha kijani. Huoshi mara moja ukatakata. Leo utaosha, kesho bado yamejificha kwenye kucha. Basi liletwe lile beseni jeupe, na kila mtu wa nyumba hii anawe mbele yake.

Mkewe alisimama akimtazama, uso umempauka. Alimwambia aliache jambo hili, nyanya zitaota nyingine. Mzee akasema kama hana hofu alete beseni. Likaletwa, likawekwa kwenye benchi nje ya mlango wa jiko, na kipande cha sabuni pembeni.

Mke alitangulia. Alisugua viganja, alisugua vidole, povu likatoka jeupe. Mzee akamwaga, akatia maji mengine, akamwita mkwe.

Alitoka na begi, akaliweka chini, akasimama mikono nyuma. "Hakuna haja ya maji, baba," alisema. "Ni mimi. Nisamehe."

"Kikulacho ki nguoni mwako," mzee alimwambia mkewe, na sauti yake ilikuwa na furaha ya mtu aliyeshinda kesi.

Ingeishia hapo, msichana akatoka na begi lake, kama mzee asingekuwa fundi. Fundi haamini mdomo, anaamini kazi. Akamshika mikono, akaiingiza kwenye maji, akaisugua mwenyewe kwa sabuni kama anayemwosha mtoto. Povu jeupe. Akasugua tena, kucha kwa kucha. Jeupe pe. Kilichotoka kwenye vidole vile kilikuwa unga wa asubuhi tu.

Mzee alibaki ameishika ile mikono. Alimwuliza kwa nini akiri kosa ambalo si lake, nani aliyemtuma. Mkwe alimtazama mama mkwe wake, na mama mkwe wake akatazama chini. Kisha mkwe akajikwamua, akashika beseni kwa haraka ili alimwage, na mzee akalizuia kwa nguvu mpaka maji yakamrukia kifuani.

"Acha, mwanangu," mama alisema. "Mwache na yeye anawe."

Mzee alicheka. Alisema hayo ndiyo mambo ya wanawake, kumpeleka hakimu kizimbani. Yeye leo hajagusa hata jani, na jana jioni alikuwa nyumbani kwa mwalimu wa mtaa akimwekea vioo vya madirisha, kila mtu anajua. Lakini haki ni haki. Akakunja mikono ya shati, akachukua sabuni, akaanza kunawa huku bado anaongea.

Povu likatoka njano. Akasugua, likawa kijani. Likamtiririka mikononi, likaingia ndani ya beseni, na maji yakawa kama yaliyochemshiwa mboga za majani. Mzee aliacha kuongea katikati ya neno. Aliitazama mikono kana kwamba kuna mtu amesimama nyuma yake na kupitisha ya kwake mbele. Akainusa. Ilinuka mnyanya, harufu ile kali ambayo hakuna sabuni wala manukato vinavyoweza kuiiga. Alitaka kufoka, akatafuta wa kumfokea, hakumwona.

"Jana nilikuwa kwa mwalimu," alisema.

"Kazi ya mwalimu uliimaliza mwezi uliopita, mume wangu," mkewe alisema. "Jana ulikuwa bandani. Nilikuona dirishani unapogoa, nikadhani unatoa vichipukizi tu kama siku zote. Ukatoka unapiga mluzi."

Mzee alikaa kwenye benchi kando ya beseni. Aliuliza habari ya bomba. Akauliza madirisha. Akauliza kisu cha kwenye kopo la sukari. Wanawake wale wawili walitazamana, na kutazamana kwao kulimweleza yote. Hofu aliyoisikia hapo hakuwahi kuisikia hata siku zile alipokuwa akining'inia nje ya maghorofa na kioo mkononi.

"Kwa nini ukasema ni wewe?" alimwuliza mkwe.

"Ukinigombeza mimi, baba, ikifika jioni umeshasahau, tunakula pamoja," mkwe alijibu. "Ile siku ya kwanza kabisa, kabla hata ya bomba, mama alipokwambia kwamba ni wewe, ulilia. Hukula mpaka kesho yake."

Mzee aliitafuta siku hiyo. Aliitafuta kama mtu anayepapasa mfukoni kwa ufunguo, kila pembe. Haikuwemo.

Baadaye alisimama, akachukua begi la mkwe wake kwa mikono ile ile yenye maji ya kijani, akalirudisha chumbani mwenyewe. Halafu alimwita bandani. Akamwonyesha mashina mawili matatu ambayo chini kabisa, kwapani mwa jani, kisu kilikuwa kimesahau kichipukizi kidogo. Akamfundisha kwamba hicho ukikiacha kitakuwa shina jipya, ukifunge kwenye kamba kikifika kiwikoni, umwagilie asubuhi na si jioni, usilowanishe majani. Hakukosea neno hata moja. Mwisho alifunga kufuli, akamtilia ufunguo kiganjani, akamfunga vidole juu yake.

"Uwe nao wewe," alimwambia. "Kuingia tutaingia wote, peke yangu hapana. Na nikija kukugombeza, mwanangu, usinipe."

Mkwe aliitikia kwa kichwa, akaufunga ufunguo kwenye pindo la kanga yake.

Asubuhi iliyofuata mlango wa jiko ulifunguliwa kwa kishindo. Mzee Vioo alikuwa nyuma ya mlango, anapapasa msumari mtupu ukutani, anapapasa sakafuni, mishipa ya shingo imemtoka. Akauliza ni nani aliyethubutu kugusa ufunguo wake, na nyanya zake bandani zinasubiri hewa. Mke alikiacha kisu alichokuwa akimenyea, akafunika macho kwa upande wa kanga.

"Ni mimi, baba," mkwe alisema. "Nisamehe."

"Leo unafungasha," mzee alimwambia. "Umenisikia? Leo hii."

"Nimesikia, baba. Twende kwanza tukafungue madirisha, jua limeshaanza kuwa kali."