Wingu Lililopenda Patupu

Jumatatu asubuhi Gaudiosa alifika sekondari ya kata na fagio mkononi. Afisa elimu alikuwa anakuja kutoka Sumbawanga mjini, na afisa akija, wazazi ndio wanaofagia. Maabara ile waliijenga wao wenyewe. Gaudiosa alibeba tofali kichwani akiwa mjamzito. Vifaa waliahidiwa, na mpaka leo havijafika.

Alipofungua mlango alikuta wingu la kutoka kati ya nyota na nyota limelala humo. Mwanga huchukua miaka kulivuka wingu la namna hiyo, lakini lilienea kati ya mlango na sinki lisilo na bomba. Binti yake Evodia, wa kidato cha nne, alikaa ndani yake amevaa masweta mawili, anaandika.

"Shikamoo mama. Rudishia mlango, upepo."

"Marahaba. Hili nalo limetoka wapi?"

"Lipo tangu Pasaka," alijibu mwalimu Kasimiri kutoka upande wa pili. Kupitia vumbi la wingu alionekana mwekundu kidogo. "Linapenda patupu, Mama Evodia. Limezunguka Ufipa nzima, halikuona patupu kama hapa."

Akaendelea kufundisha. Gesi ya wingu lile ni nyembamba mno. Atomu mbili za haidrojeni zinaweza kuzurura miaka na miaka zisishikane. Zikitua juu ya punje moja ya vumbi ndipo zinakutana, zinashikana, zinaondoka zikiwa molekuli. Mwanga wa nyota unazivunja, vumbi linaunganisha nyingine. Evodia aliziona zikiruka kutoka mezani, mbilimbili. Ndiyo kemia pekee aliyowahi kuiona kwa macho, na mtihani wa taifa wa vitendo ulikuwa Alhamisi.

Mkuu wa shule akachungulia. "Mama, toa hilo vumbi. Mgeni yuko njiani."

"Vumbi ndilo linalofundisha, mkuu. Fagia wewe."

Mkuu akachukua fagio, akafagia. Atomu zikabaki zinazurura, kila moja kivyake. Afisa alisimama kizingitini, akasikia baridi usoni, akauliza ni nini.

"Gesi," alisema mkuu, na hakudanganya.

"Vizuri. Gesi ipo. Basi nyie mmekamilika."

"Na asidi, mheshimiwa?" aliuliza Gaudiosa. "Watoto watapima nini?"

"Mama, shukuruni. Wenzenu hata gesi hawana."

Akapanda gari.

Kesho yake Gaudiosa alikuja na vumbi la barabarani kwenye khanga, akalimwaga mezani. Atomu zikaanza kushikana tena.

Alhamisi mtihani ulitaka asidi. Wanafunzi walisimama mbele ya meza yenye vumbi tu, wakitetemeka kwa baridi ya wingu, mpaka muda ukaisha. Evodia alipotoka alimkuta mama yake kwenye mstari wa wazazi, tofali kichwani.

"Umefanya nini humo?"

"Nimesimama. Na hayo matofali ya nini?"

"Maabara ya fizikia. Vifaa wameahidi."

Juu ya msingi mpya, wingu jingine lilikuwa limeshaanza kushuka.