Ufunguo wa Choo

Daktari wa figo alimuuliza anakunywa maji kiasi gani kwa siku. Mama Kola akacheka, ingawa mgongo ulikuwa ukimuuma hata kucheka kwenyewe kukawa kazi.

“Maji ya nini, daktari? Nikinywa nitakojoa. Nikikojoa nitatoka kwenye cherehani.”

“Na ukitoka?”

“Choo kina kufuli, na ufunguo uko shingoni kwa meneja. Anafungua mchana, basi. Ukilalamika mgongo anakupa vidonge vya maumivu. Hivyo hana uchoyo navyo.”

Daktari hakumhubiria. Alimwonyesha kichupa cha mkojo wake: povu juu, wekundu chini.

“Figo moja imeshasinyaa, mama. Hii nyingine tunaweza kuiokoa. Dawa nitakupa, lakini kunywa maji, usibane mkojo, na hivyo vidonge tupa, vinaua figo. Ukipuuza, utaishia kusafishwa damu kwa mashine, na foleni yake umeiona hapo nje.”

Alikuwa ameiona. Kati ya wale waliovimba nyuso alikaa fundi wa vifungo, aliyesemwa kiwandani kwamba ameacha kazi kwa uvivu. Uvivu! Mama Kola alimshika mkono, akasikia nyongo ikimpanda. Miaka yote ile amemwamkia yule meneja kwa heshima, kumbe anamwamkia mtu anayewaua.

Kesho yake alikuja kazini na chupa kubwa ya maji, akainywa waziwazi.

“Wifi, una wazimu?” dada wa mumewe alinong’ona kutoka cherehani ya pili.

“Ninao. Niache.”

Kibofu kilipojaa akamfuata meneja, ambaye mafundi walimwita Kitasa.

“Shikamoo baba. Naomba ufunguo.”

“Mchana.”

“Daktari amenikataza kubana mkojo.”

“Ndiye anayekulipa mshahara? Mwambie aje akushonee kola.” Kitasa akatoa vidonge mfukoni. “Haya, meza urudi kazini.”

Mama Kola alivipokea kwa mikono miwili, kwa adabu zake zote, kisha akavitumbukiza kwenye chai ya Kitasa. Akageukia meza ya mashati meupe yaliyokwisha kukunjwa, yanangoja kupakiwa. Akapanda. Jamani, mwanamke mzima, mama wa watoto, akainua sketi mbele ya kadamnasi! Cherehani zote zikanyamaza. Akachuchumaa akauachia mkojo, na povu lake na damu yake, wala hakuwa na haraka. Alimkodolea macho Kitasa mpaka tone la mwisho. Aibu hakuiona hata chembe. Aliona raha, raha tupu.

“Mashati ya wateja hayo!” Kitasa alipiga kelele.

“Si uwapelekee? Waambie ndizo figo zetu.”

Wifi yake akapiga kigelegele, na ukumbi mzima ukaitikia.

Siku iliyofuata alikwenda akijua anafukuzwa, na matusi ya kumwaga getini ameshayapanga. Hakufukuzwa. Oda ilikuwa imechelewa, mashati yale ilibidi yashonwe upya, na mwingine wa kushona kola kama yeye hakuwepo. Kitasa alisimama mlangoni, amechangamka kama bwana harusi, katoni miguuni.

“Nimemsikiliza daktari wenu,” alisema. “Ni kweli, kubana mkojo si vizuri. Kampuni imewafikiria.”

Akaanza kugawa nepi, saizi ya watu wazima, moja moja. Nyuma yake choo kilikuwa wazi asubuhi ile, hakina tena kufuli. Bakuli la choo lilikuwa limeng’olewa, sakafu imesakafiwa, na vibarua walikuwa wakiingiza cherehani mpya.

Hakuna aliyepiga kigelegele. Wanawake walimtazama Mama Kola, kisha wakatazamana, kisha wakapanga foleni. Oda ilikuwa inangoja, na nyumbani watoto wanangoja. Wifi yake alikuwa wa kwanza kujibanza nyuma ya marobota ya vitambaa.

“Wifi,” aliita kwa sauti ndogo, “njoo unifungie huku nyuma. Mkono haufiki.”

Mama Kola akapiga magoti, akaanza kumfungia.