Gauni la Kusimama Mbele

Shangazi hakuingia duka la nguo kama mteja, aliingia kama mkaguzi. Alisimama mlangoni, akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya mtandio, akaivaa tena, kisha akamwambia muuzaji kabla hata salamu hazijakamilika:

"Mwanangu, tunataka gauni la msimu wa joto. Jepesi, lisilobana kwapani, lisilo na maua, lisilo na mistari, lisilo na vidoti, wala vitu vya kumetameta. Na lisiwe la kijivu."

"Mama, hapo umebakisha nini?" muuzaji akauliza.

"Nimebakisha gauni."

Nyuma yake waliingia watoto wa kaka yake, wasichana wawili. Mkubwa, waliyezoea kumwita Mnong'ono, alikuwa na sauti ya kuombwa irudie tangu utotoni. Mdogo hakuwa akisikia tangu kuzaliwa, na nyumbani walimwita Kengele, maana hakuna aliyewahi kupiga kelele kama yeye. Akicheka, majirani wanajua. Akifunga mlango, sahani zinaitikia kabatini. Jina hilo alilipenda mwenyewe, na kila alipoeleweshwa upya utani wake alicheka kana kwamba ndiyo mara ya kwanza.

Kengele alikuwa anaolewa Jumamosi. Mchumba wake, kinyozi mmoja mpole, naye alikuwa kiziwi, kwa hiyo nusu ya ukumbi ingejaa watu wanaosikiliza kwa macho. Wa kusimama mbele yao, kando ya mfungishaji ndoa, na kugeuza kila neno kuwa mikono, alikuwa Mnong'ono. Ndiyo kazi yake: mkalimani wa lugha ya alama. Kutwa nzima aliketi hospitalini au ofisini kati ya daktari na mgonjwa, kati ya karani na mteja, na hapo mikono yake ilitiririka kama maji ya bomba.

Gauni la mkalimani ni ubao, mikono ndiyo chaki. Likiwa na maua, maneno yanapotelea bustanini. Ndiyo maana kabati la Mnong'ono lilijaa kijivu: kijivu cha mawingu, kijivu cha majivu, kijivu cha panya. Yeye mwenyewe hakulalamika. Ndani ya kijivu mtu hupita ukutani asionekane. Lakini Kengele alikuwa ameshakata shauri. "Sitaki kuolewa mbele ya sufuria," alisema kwa mikono, na Shangazi alipotafsiriwa akapiga kofi la kuunga mkono.

Jambo ambalo hao wawili hawakulijua ni kwamba Mnong'ono alikuwa na neno lake. Kusimama mbele ya ukumbi mzima hakukuweza. Mara moja tu aliwahi kupanda jukwaani, kwenye mkutano wa wafanyakazi, mikono ikamtetemeka hadi watu wa mstari wa mbele wakaona heri watazame dirishani. Alikuwa ameshazungumza na mwenzake wa kazini, mkalimani hodari asiyejua haya, na mwenzake amekubali kumshikia nafasi. Kilichobaki ni kumwambia mdogo wake, na alijiapiza kumwambia leo, kabla gauni halijanunuliwa. Wiki nzima neno hilo lilikuwa limemkwama kama mwiba wa samaki.

"Haya, tuanze," Shangazi akasema. "Joto hili litatuyeyusha kama siagi."

Feni ya dukani ilizunguka kwa uvivu, ikipeperusha mapindo ya magauni yaliyotundikwa. Mnong'ono aliyapitia moja moja. Alipofika kwenye gauni la manjano, manjano iliyoiva kama kiini cha yai, isiyo na doa, mkono wake ukasita. Kitambaa kilikuwa laini. Akalisukuma haraka nyuma kabisa, kati ya makoti ya mvua.

Namna ya kujaribu aliibuni Kengele. Mnong'ono angevaa gauni, atoke chumba cha kujaribia, asimame mbele ya kioo kikubwa, na atie mikononi kiapo chote cha ndoa tangu mwanzo hadi mwisho. Kengele angekuwa kule mwisho wa duka, karibu na mlango, mahali ambapo meza ya nyuma kabisa ingekuwa siku ya harusi. Kama kutoka hapo anasoma kila neno, gauni limepita.

La kwanza lilikuwa la bluu, limekatwa kwa kubana. Mnong'ono alianza vizuri. Lakini neno "milele" linataka mkono uende mbali, na ulipokwenda, kwapa la gauni likalia: traa!

"Limekukaa kama umezaliwa nalo!" muuzaji akasema.

"Basi alizaliwa kwa shida," Shangazi akajibu. "Mvue kabla hajamaliza kulipasua."

La pili lilikuwa na rangi ya maziwa na mikono mipana kama vipaza sauti. Kila Mnong'ono alipoinua vidole, kitambaa kilimwangukia hadi kucha. Kule mlangoni Kengele alikunja uso, akakodoa, akasogea hatua moja, kisha akauliza kwa mikono: "Hapo umesema nitampenda mume wangu, au unafukuza kuku?"

Mnong'ono alicheka bila kutaka. Shangazi akadai kuambiwa, akaambiwa, akacheka zaidi yao wote.

"Lakini hata hili limekukaa kama umezaliwa nalo," muuzaji akasema, sasa kwa sauti ya chini kidogo. Kisha akamgeukia Kengele na kupaza: "DADA, WEWE UNALIONAJE?"

"Mwanangu," Shangazi akamwambia kwa upole, "hata ukipanda juu ya meza hakusikii. Mtazame usoni, mwonyeshe kidole. Ona, mbona rahisi."

La tatu lilikuwa la kijani, halina mabega, linashikiliwa na mpira tu kifuani. Kwa kusimama lilipendeza. Kwa kukaa lilipendeza. Lakini kiapo hakisemwi kwa kukaa. Mnong'ono alipoinua mikono yote miwili kwa maneno "mbele ya watu wote", gauni likaamua kushuka kivyake. Shangazi aliruka na mtandio kama golikipa.

"Mpira wenyewe umechoka kuliko mimi!" akasema, akimsukuma mpwa wake nyuma ya pazia. "Hili ni la mtu asiye na la kusema!"

Mnong'ono alijiegemeza kwenye ukuta wa kile kichumba, anahema na kucheka, machozi yakimlenga. Kicheko kilipopungua, kilichobaki kifuani kilikuwa ule mwiba. Magauni yanaisha. Siku inaisha. Sema sasa.

Ndipo kitu kikatua juu ya kichwa chake kutoka upande wa pili wa pazia. Lile gauni la manjano. Kengele alikuwa ameliona lilivyofichwa, na alikuwa amengoja zamu yake.

Akalivaa. Zipu ilipanda bila ugomvi. Mabega yalikaa mahali pake, kwapani palikuwa na nafasi, kiuno kilipwaya kidogo tu. Alijitazama kwenye kioo cha ukutani na hakuona pa kujificha. Manjano ile ilimtoa mbele kama taa iliyowashwa mchana.

Mtu mwingine mwenye neno gumu angelijaribu kwanza kwa kunong'ona. Mnong'ono alifanya vilevile, kwa namna yao. Alikikabili kioo, akalijaribu neno lake kwa mikono, taratibu, kama mtu anayejisemea peke yake.

"Mdogo wangu, usinikasirikie. Sitaweza kusimama. Naogopa. Nimempata mtu mwingine, hodari kuliko mimi. Mimi nitakaa na Shangazi."

Akarudia, ili mikono isitetemeke. Ikatetemeka vilevile.

Alichosahau ni kwamba pazia lilikuwa na mwanya wa kiganja, na nje, mkabala na mwanya huo, kilisimama kile kioo kikubwa. Mtu wa kunong'ona huangalia nani yuko karibu. Mtu wa mikono anapaswa kuangalia vioo, na hilo alilijua tangu utotoni, maana ndivyo alivyokuwa akimkamata Kengele akimsengenya kupitia kioo cha kabati.

Shangazi, aliyekuwa ameketi kwenye kigoda akijipepea kwa kifuniko cha sanduku la viatu, ndiye aliyegundua. Kengele alikuwa ametulia. Hakugonga meza, hakuvuta hanga, hakucheka. Alikuwa anatazama kioo.

"Kuna nini?" Shangazi akauliza, akikumbuka kutumia alama. Lakini alama alizozijua zilikuwa nne tu, kula, kulala, njoo na acha, na hakuna iliyofaa.

Kengele alivuka duka na kulivuta pazia.

Ndugu wawili wakatazamana. Mnong'ono alishusha mikono kama aliyekutwa jikoni na sukari mdomoni.

"Umesoma?" akauliza.

"Mara mbili," Kengele akajibu. "Mara ya pili ulisema vizuri zaidi."

"Samahani. Ningekwambia..."

"Mtu mwingine nani? Yule mwenye pete kila kidole?"

"Ni hodari."

"Najua ni hodari. Nimemwona kwenye mikutano. Mikono yake imenyooka kama ya askari." Kengele alivuta pumzi. Viganja vyake vilikuwa na alama ndogo za moto, maana alikuwa mwoka mikate, na alipotaka kusema jambo la maana aliviweka wazi kwanza, kama anayeonyesha kuwa hajaficha kitu. "Dada. Neno langu la kwanza ulinifundisha wewe. Maji. Mama alikuwa hajajua bado, baba hajajua, Shangazi mpaka leo hajui. Kila nilichoambiwa cha maana, umeniambia wewe. Kwamba bibi amefariki. Kwamba nimepata kazi. Kwamba kinyozi ananiangalia. Nikiambiwa na mwingine kwamba nimeolewa, sitaamini. Nitadhani ameolewa jirani."

"Mikono itatetemeka."

"Itetemeke! Ikitetemeka ya yule, nitadhani ana homa. Ikitetemeka yako, nitajua unanipenda."

Mnong'ono alifunika midomo kwa vidole viwili. Ndilo jina ambalo Kengele alimpa kwa alama tangu utotoni, vidole viwili juu ya midomo, na sasa hakujua kama anajificha au anajitaja.

"Jamani, mnasema nini?" Shangazi akalia kutoka kigodani. "Mimi hapa kama redio isiyo na betri! Mnagombana?"

"Hapana, Shangazi," Mnong'ono akasema kwa sauti yake ndogo. "Nilitaka kukataa kusimama Jumamosi."

"Kukataa!" Shangazi akainuka nusu, kisha akamtazama kuanzia pindo la manjano hadi usoni, akakaa tena. Alipozungumza, sauti yake ilikuwa imelainika. "Mwanangu, hilo ni lako kuamua. Mimi sijui mambo ya mikono. Ila gauni hilo kulivua bila kulipima kiapo itakuwa dhambi."

Kengele hakungoja kutafsiriwa. Alikuwa ameshaondoka, anarudi kule mlangoni, akasimama na mikono nyuma, kama mgeni wa meza ya mwisho.

Duka halikuwa tupu tena. Mama mmoja na binti yake walikuwa wakichagua viatu. Mzee aliyeingia kufuata feni tu alikuwa ameketi karibu na dirisha. Muuzaji alisimama na utepe wake wa kupimia shingoni. Wote walimtazama yule msichana wa manjano mbele ya kioo, wakijiuliza anangoja nini.

Mnong'ono alitazama sakafu. Kisha akatazama mbali, akawapita wote, hadi kwa mtu mmoja. Akainua mikono.

Neno la kwanza lilitetemeka. La pili pia. Kule mlangoni Kengele aliitikia kwa kichwa: nakusoma. Basi Mnong'ono akaendelea. Kwa raha na kwa taabu. Katika afya na katika maradhi. Mikono ilikwenda juu na kwapa la gauni halikulia. Ilishuka na kitambaa hakikuifuata. Juu ya ile manjano tupu vidole vyake vya hudhurungi vilionekana hadi ncha. Alipofika kwenye "milele", mkono ulikwenda ulikotaka kwenda, mbali, mbali kabisa, na mama wa viatu akajikuta anaufuata kwa macho hadi ukutani.

"Unakubali?" Mnong'ono akauliza kwa mikono.

Kengele akajibu kwa mwili mzima, akagonga mlango na hanga moja ikaanguka.

"Amesema nini?" Shangazi akauliza.

"Amesema anakubali."

"Anakubali gauni au mume?"

Mnong'ono akauliza. Jibu lilichukua muda, maana lilikuwa na ziada.

"Anasema mume alikwishamkubali zamani. Gauni ndilo lililokuwa linamtia wasiwasi." Akasita. Kisha, kwa sauti ambayo hakuna aliyeiomba irudie, akaongeza: "Na mimi nimekubali, Shangazi. Nitasimama."

Shangazi alikwenda nyuma yake, akabana kiuno cha gauni kwa vidole. "Hapa tupunguze kidogo," akasema, akivuta kamasi. "Nitashona mwenyewe. Pindo liache hivyo hivyo. Piga chafya."

"Nipige chafya?"

"Harusini kuna poda na manukato. Lazima nijue zipu itahimili."

Mnong'ono akapiga chafya ya uongo, zipu ikahimili, na yule mzee wa dirishani akamwambia, "Afya!"

Muuzaji alikuwa akijifuta macho kwa ncha ya utepe wa kupimia. Alifungua kinywa aseme neno lake, akakifunga. Akamgeukia Kengele aliyekuwa anarudi na hanga mkononi, akakumbuka alivyofundishwa: akamtazama usoni, akamwonyesha Mnong'ono kwa kidole, kisha akaweka mkono juu ya moyo wake.

Kengele akamjibu kwa mkono uleule, mahali palepale.

"Nilifunge kwenye karatasi?" muuzaji akauliza.

Mnong'ono alilitazama gauni la kijivu alilokuja nalo, lililojikunja sakafuni mwa kile kichumba kama paka aliyenuna.

"Funga lile," akasema. "Hili natoka nalo."

Wakatoka watatu kwenye jua. Hawakufika hata kona ya mtaa kabla Mnong'ono hajasimama na kutoa simu ili amshukuru mwenzake wa kazini na kumwambia abaki mgeni tu. Alipokuwa anaandika, Kengele alimgonga bega.

"Mwambie aje bila pete," akasema. "Zitawapofusha watu wa meza ya nyuma."