Twiga Wasio na Macho

Tangu daktari aseme titi la Nthoki litatolewa Jumatatu, Mwanzia hakuwa amegusa tezo wala patasi zake za kuchongea. Alikaa uani kwao mtaani Jericho, katikati ya vinyago vya nusunusu, akilitazama gogo la mti wa muhugu lililomponyoka Krismasi ya tisini na tatu na kumgonga mkewe kifuani.

"Mimi ndiye niliyekuletea ugonjwa huu," alisema. "Hospitali siendi. Nitamtazamaje daktari?"

"Kwa macho, Baba Mwelu." Nthoki alikuwa akikunja leso za kwenda nazo wodini. Kisu hakikumtisha sana. Kilichomtisha ni kuzinduka na kukuta kiti cha kando ya kitanda kitupu.

Mwelu, binti yao aliyesomea biolojia chuo kikuu, akaketi juu ya gogo lenyewe.

"Baba, pigo halileti saratani. Daktari alikwambia. Seli hukua kwa hatua, na lazima ziambiwe hatua moja imekwisha. Watafiti wa ng'ambo wamegundua, ndani ya mnyoo mdogo, kipande cha RNA, ile nakala ya maagizo ya seli, kisichojenga protini yoyote. Kazi yake ni kunyamazisha maagizo ya utotoni. Kikikosekana, seli zinarudia utoto. Hazikomai."

"Hicho ndicho kimempotea mama yako?"

"Sijui. Kwa watu bado hakuna anayejua. Lakini haya mambo huharibikia ndani, kimyakimya. Hayangoji gogo."

"Kama mzee Kivuva, msimamizi wetu wa karakana," Mwanzia akasema.

Uzeeni, Kivuva hakuchonga tena pale karakanani. Alipita tu kati ya vijana akiwaambia, "Tezo imetosha, sasa shika patasi." Alipougua, vijana waliendelea kukata kwa tezo, gogo baada ya gogo. Twiga wakajaa hadi mlangoni, wote bila macho, kwani macho ni kazi ya patasi na hakuna aliyeambiwa aishike.

"Mlimlaumu nani?" Nthoki akauliza.

"Tumlaumu nani? Mzee hakuwepo."

"Basi nawe usijilaumu. Nipe ule mfuko nitie leso hizi."

Jumatatu Nthoki alipofumbua macho baada ya kupasuliwa, kifua kikiwaka moto chini ya bendeji, kiti kilikuwa na mtu. Mwanzia alikuwa na vumbi la mbao kwenye nywele na twiga mdogo mkononi. Twiga alikuwa na jicho moja.

"Nesi amenipokonya patasi," alinong'ona. "La pili nitalichonga nyumbani."

"Usilichonge kabla sijafika," Nthoki akasema. "Nataka kuona."