Tundu la Hewa

Siku ya kwenda kuonyeshwa shamba walilonunua kule Burnt Forest, wanachama walijaa wakiimba ndani ya gari kuukuu la ushirika. Hata kabla hawajauacha mji wa Eldoret, gari likaanza kusita, likakohoa, likazimika. Likipumzishwa kidogo linawaka, kisha linazimika tena. Na injini ilikuwa imefunguliwa yote na kutengenezwa wiki iliyopita!

"Ni kabureta, haipitishi mafuta," alisema Murunga fundi, akaifungua kwa mara ya tatu.

Mwihaki, muuza mafuta ya taa sokoni, alishuka amefura kwa hasira. Alilizunguka gari, lililopakwa rangi mpya ya kijani kwa heshima ya shamba. Hata kifuniko cha tangi la mafuta kilikuwa kimepakwa! Alikifungua. Tangi likavuta pumzi: fyuuu!

"Murunga, debe la mafuta mimi hulitoboa mara ngapi?"

"Mara mbili, Mama. Tundu la kumwagia na tundu la hewa, la sivyo mafuta hayatoki..." Fundi akashika kichwa.

Mwihaki alichomoa pini kwenye kitambaa chake cha kichwa, akazibua katundu ka kifuniko kalikozibwa na rangi.

"Washa! Shamba linatungoja!"

Gari likanguruma, likapanda mlima bila kusita, nyimbo zikarudi juu. Murunga akamrudishia pini.

"Kaa nayo," alisema Mwihaki. "Hiyo ndiyo spana uliyokosa."